Swali la Nne

Kazi yangu ni kufua mashuka ya hospitali. Huu ni mwaka wa kumi na moja, kwa hiyo kinyaa nakijua. Nakijua kwa harufu, kwa rangi, kwa jinsi kinavyoganda kwenye pindo la shuka lililokaa siku mbili bila kulowekwa. Hicho hakinisumbui. Navaa glavu, natia dawa, nafungulia maji ya moto, na shuka likishatakata nakula chakula changu cha mchana nimekaa kando ya mashine. Ninachotaka kuandika hapa ni kinyaa kingine, kisichotoka kwa maji. Naandika kwa sababu naogopa nikikaa kimya nitaanza kumkumbuka mdogo wangu vibaya, yaani vizuri kupita kiasi.

Mdogo wangu alikuwa karani katika kiwanda cha ngozi. Alifia hukohuko kiwandani, ndani ya shimo la majitaka, Jumatatu saa nne asubuhi. Wiki sita baada ya kumzika, kiwanda kikatuletea barua. Nilimsomea Mama jikoni, nimesimama, mikono bado ina unyevu.

"Tunajua hakuna neno litakalojaza nafasi yake mezani kwenu," ilisema. "Hakuteseka. Wenzake wanakikumbuka kicheko chake asubuhi ile. Kwa moyo wake wa kupenda kazi, na kwa hiari yake, siku hiyo aliingia mahali ambapo hakupaswa kuingia. Tunaomba Mama aliyemlea apumzike sasa." Chini kulikuwa na mstari wa nukta, na juu ya nukta maneno haya: Nakubali kwamba maelezo haya ni sahihi na kwamba hakuna mwingine wa kulaumiwa.

Nililia. Nilikuwa sijalia hata makaburini, lakini hapo kwenye kicheko nililia mpaka Mama akanishika kiuno. Kwa kweli alikuwa mtu wa kucheka asubuhi. Alikuwa akinawa uso huku anacheka peke yake.

"Wana adabu hawa," Mama alisema. "Saini, mwanangu, tupumzike."

Afisa utumishi wa kiwanda angekuja Ijumaa kuichukua. Nikaona si vizuri kuirudisha na saini peke yake, niiambatanishe na barua ya shukrani. Mimi niliishia sekondari na barua ninazoandika ni za kuomba likizo. Kwa hiyo nikalitoa daftari la mdogo wangu la chuoni, nione wenye kujua wanaandikaje.

Kozi ile ilikuwa ya jioni. Alianza kiwandani kwa kukwangua nyama kwenye ngozi mbichi kwa kisu, baadaye wakampeleka ofisini kwa sababu ya mwandiko wake, na miaka miwili iliyopita akajiandikisha chuoni kujifunza kuandika hoja. Walikuwa wanapewa matangazo, hotuba, barua, wanazifungua kama fundi saa anavyofungua saa, waone kipi kinasukuma kipi. Mwalimu wao alikuwa na maswali manne na hakumruhusu mtu kutoka darasani bila kuyajibu. Nani anasema? Anamwambia nani? Anataka afanye nini? Nini hakikusemwa?

Alituletea maswali hayo nyumbani kama mtu aliyeleta mbwa.

"Nani kamaliza sukari?" Mama anauliza.

"Hapo Mama umeuliza kitu ambacho jibu lake unalo. Unachotaka ni mkosaji ajitaje mwenyewe."

"Ninachotaka ni sukari, Wakili."

Wakili ndilo jina alilopewa na Mama tangu kozi ianze. Mimi nikimwambia kila siku anachelewa kula, ananiuliza, "Kila siku, Dada? Ushahidi uko wapi?" Namwambia, "Ushahidi ni sahani yako, iguse uone ilivyopoa." Anacheka, anaandika kwenye daftari. Tulidhani anaandika upuuzi.

Basi nikafuata daftari hatua kwa hatua. Lilisema kabla ya kumjibu mtu, ichambue kwanza barua yake. Nikachukua penseli. Nani anasema: kiwanda. Anamwambia nani: Mama na mimi. Anataka tufanye nini: tusaini. Nini hakikusemwa.

Haikusemwa nani alimtuma. Haikusemwa karani alifuata nini kwenye shimo la majitaka. Na ilisemwa "siku hiyo", kama vile siku nyingine hakuwahi kufika, na mimi ndiye niliyekuwa namfulia. Kwa mwaka mmoja na nusu mashati yake ya Jumatatu yalinuka mayai viza mpaka nikawa nayaloweka kwenye ndoo ya peke yake. Nilipomuuliza, alisema ametumwa kusoma saa ya pampu, kile kipimo cha majitaka kule shimoni. Hamu ya kushukuru ikaniisha.

Nikafunua ukurasa nione wanakataaje, na nikaikuta barua ile humo.

Juu kulikuwa na kichwa: Zoezi la tano, barua ya kumshawishi msomaji mmoja, mchague mtu unayemjua, mweke mbele yako unapoandika. Chini yake, kwa mwandiko wa mdogo wangu ulionyooka kama mshono: "Barua ya ofisini, kwa mjane wa fundi wa pampu. Msomaji nitakayemweka mbele yangu: dada. Ana hasira za karibu. Ukimtajia mtu anayempenda, analainika. Usimpe saa wala tarehe, mpe picha. Mpe kwanza anachotamani, ndipo umnyime anachodai."

Halafu barua yenyewe, neno kwa neno. Hakuteseka. Kicheko chake asubuhi ile. Hiari yake. Penye "Mama aliyemlea" yeye alikuwa ameandika "watoto wake pacha". Basi.

Fundi wa pampu alifia shimo hilohilo, mwaka ule kozi ilipoanza. Ofisini walikuwa na karani mmoja anayesomea kuandika, wakampa kazi ya kumwandikia mjane. Yeye akaona aue ndege wawili kwa jiwe moja, akaipeleka na darasani.

Na nikakumbuka siku aliyoniuliza. Nilikuwa napiga pasi. Alikaa kitandani na daftari gotini, akasema, "Dada, ukiletewa habari mbaya kabisa, ungependa uambiwe nini?" Nilidhani ananichokoza. Nikamwambia niambiwe kwamba hakuteseka, na kwamba asubuhi ile alikuwa anacheka. Akasema, "Hiyo ya kucheka ni nzuri sana," akaandika.

Nilitoka nje nikatema mate. Nikarudi, nikatoka tena nikatema. Sentensi niliyoilalia siku tatu chini ya mto nilikuwa nimeitema mwenyewe mdomoni mwangu, ikapitia kwa mjane wa watu, ikarudi kwangu na muhuri wa kiwanda.

Mwishoni mwa zoezi mwalimu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kumi na nane kati ya ishirini. Umemjua msomaji wako kweli. Lakini swali la nne?" Na chini yake mdogo wangu alikuwa amejibu kwa penseli, herufi ndogo, kama mtu anayemnong'oneza mwalimu: "Feni ya shimo ni mbovu tangu Machi. Meneja kasema isiandikwe."

Feni hiyo ndiyo huondoa hewa mbaya shimoni. Alijua ni mbovu. Alijua akaandika hivyo, halafu fundi alipokosekana wakamtuma yeye kusoma saa ya pampu, na akaingia, Jumatatu baada ya Jumatatu, mtu aliyekuwa anabishana na Mama juu ya sukari.

Ugumu wangu ulikuwa huu. Barua ilimfanya mdogo wangu mzembe aliyejipeleka mwenyewe. Kitu pekee chenye kuonyesha kwamba si kweli kilikuwa daftari lake, na hakuna atakayesoma mstari wa penseli bila kusoma yaliyo juu yake.

Ijumaa afisa utumishi alikuja saa tisa, shati limenyooka, viatu akavifuta mlangoni mara nne. Akakaa kwenye kiti cha mdogo wangu.

"Poleni tena, Mama. Sisi pale ofisini bado hatujazoea."

"Tunajikaza, mwanangu. Barua yenu ilitufaa."

"Tuliiandika kwa moyo, Mama."

"Nani aliiandika?" nikauliza.

"Ofisi, dada."

"Ofisi ina mkono?"

Alicheka kidogo, akamtazama Mama. "Dada yetu leo ana maswali."

"Ninayo manne, lakini nitakuuliza moja. Nani alimtuma shimoni?"

"Barua imeeleza. Aliingia kwa hiari yake, siku hiyo moja."

"Mimi nilikuwa namfulia. Shati la Jumatatu lilinuka mayai viza. La Jumanne halikunuka. La Jumatano halikunuka. Hiari gani hiyo inayokuja Jumatatu peke yake, mwaka na nusu?"

"Kiwanda cha ngozi kinanuka, dada. Sote tunanuka. Hata mimi."

Mama aliinuka, akamwinamia, akamnusa begani kama anavyonusa maziwa. "Huyu hanuki kitu," akasema, akarudi kukaa.

Afisa alirekebisha kola. Alisema anaelewa uchungu wetu, atatuachia hadi Jumatatu tutafakari. Mlangoni alifuta viatu tena, sijui kwa nini, alikuwa anatoka.

"Umeficha nini kwenye aproni?" Mama aliniuliza.

Nikalitoa daftari, nikamsomea yote. Sikuruka panaponitaja mimi. Mama alisikiliza akiwa ameshika ile barua ya kiwanda mapajani, anainyoosha mikunjo kwa kiganja.

"Kwa hiyo ni maneno yake," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Basi niachie. Ni ya mwisho aliyoniandikia."

"Hakukuandikia wewe. Alimwandikia mjane wa mtu ili asiulize."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Aliendelea kuinyoosha. Nilimtazama kiganja kinavyokwenda na kurudi juu ya uongo ule, taratibu, kama juu ya kichwa cha mtoto, na nikaona kinyaa hata kwake, mama yangu mzazi. Naliandika hilo pia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

"Hilo daftari usitoke nalo," akasema. "Watasema mwanangu alikuwa mwongo."

"Alikuwa mwongo, Mama. Mzembe hakuwa. Wao wanasema mzembe. Wewe unataka lipi?"

Akaikunja barua mara tatu, kama ilivyokuja, akanipa.

"Chagua wewe. Mimi sikusoma kozi."

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa Mama Pacha, mjane wa fundi. Anaishi mitaa miwili kutoka kwetu, chumba kimoja, anabadilisha zipu na kupunguza suruali. Sare za watoto wake zilikuwa zimetundikwa dirishani, mbili sawasawa. Nilipomwambia nimekuja kuona barua aliyoandikiwa na kiwanda, hakuuliza kwa nini. Aliitoa kwenye kopo la vifungo.

"Mimi niliisaini ile nyingine, hii wakaniachia nakala," alisema. "Hebu soma hapo kwenye kicheko. Mume wangu kabla ya saa tano hakuwa anacheka na kiumbe. Hata siku ya harusi yetu asubuhi alinuna mpaka shangazi zake wakadhani anaghairi. Niliposoma hapo nikajua aliyeandika hakuwahi kumwona."

"Alimwona. Walikuwa kiwanda kimoja."

"Basi alikuwa anamwandika mtu mwingine."

"Alikuwa ananiandika mimi."

Alinitazama kama ninaumwa. Nikampa daftari. Alisoma na kidole, mstari kwa mstari, mguu wake mmoja bado uko kwenye pedali ya cherehani. Alipofika kwenye penseli alirudia.

"Tangu Machi," akasema. "Mume wangu kafa Agosti."

Njiani nilikuwa nimepanga maneno. Katika daftari kuna ukurasa mzima wa jinsi ya kuomba radhi, unaanza kwa kumtaja msomaji kwa wema. Nilikuwa nimeukariri. Nikaona mdomo unanijaa mate, nikaacha.

"Mdogo wangu alijua," nikasema. "Alijua akaandika hivyo, akapewa kumi na nane."

"Kati ya ngapi?"

"Ishirini."

"Hizo mbili walimkata za nini?"

"Za hilo la Machi."

Mama Pacha aliguna, akainuka, akaenda kutema dirishani, kati ya zile sare mbili. Nilimngoja anifukuze. Badala yake alichukua mkasi, akakata uzi uliokuwa unaning'inia kwenye suruali ya mtu, akaiweka kando. Kisha akaingiza nakala yake ndani ya daftari, penye zoezi la tano.

"Ofisi ya kazi Jumamosi wanafunga saa sita," akasema. "Beba wewe. Mimi mikono yangu haitaki kulishika."

Ofisi ya kazi ina benchi moja na kaunta ya mbao iliyochubuka. Tuliweka barua mbili na daftari juu ya kaunta. Mwanamume wa zamu alizisoma barua, moja kisha nyingine, akarudia ya kwanza. Akavuta fomu.

"Hizi zimeandikwa na mtu mmoja," alisema.

"Ndiyo."

"Ni nani kwako?"

"Ndugu yangu, tumbo moja."

"Na marehemu mnayemdaia haki, wa barua hii ya pili?"

"Huyohuyo."

Kalamu ilisimama. Alitutazama, mimi na Mama Pacha, akasubiri tucheke au tueleze. Aliandika alichoambiwa, akaigeuza fomu upande wangu, akanionyesha mahali pa kusaini.