Kumfufua Aliye Hai

Bibi Visalam, mke wa wakili, alikuja kwangu asubuhi na sinia la tambuu, nazi na ndizi, hariri mwilini utadhani anaolewa. Miaka mitatu nilimfundisha ngoma ya hekaluni, papa hapa sebuleni kwangu. Sasa kajenga ukumbi wake, Madras nzima inamsifu.

"Mama Kanakam, Ijumaa tunafungua," akasema. "Tunaifufua ngoma ya mababu zetu. Nimekuja kuomba njuga zako, na kaka yako atupigie matoazi."

"Mnaifufua? Kwani ilikufa lini? Mimi niliyekufundisha ni mzuka?"

Akacheka kile kicheko cha watu waliosoma. "Usikasirike, mama. Unajua watu wanavyowasema ninyi wachezaji wa hekaluni, eti ni wanawake wa kila mtu. Lazima tuisafishe kwanza, tuziondoe zile nyimbo chafu za mapenzi."

Tuisafishe! Miguu yake niliishika kwa mikono hii nikimwonyesha kukanyaga, maana alikuwa akikanyaga kama bata. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikameza hasira.

"Na Thilakam je?" nikauliza. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Tangu mwaka juzi Visalam alikuwa akimwahidi jukwaa hilo.

"Thilakam ataimba nyuma ya pazia. Wageni wakijua ni mtoto wa nani, mume wangu ataaibika."

Nikanyoosha mkono nimrudishie sinia lake. Kwetu ukishakula tambuu ya mtu umekubali alilokuja nalo, hakuna kurudi nyuma. Nikageuka, lahaula! Kaka yangu Sabapathi, mlevi wa tambuu, alikuwa ameketi kando ya sinia, mdomo ulishakuwa mwekundu.

"Kaka! Tema!"

"Nimeshameza, dada," akasema, macho chini.

Visalam akainuka akitabasamu. "Basi njuga zije jukwaani, na matoazi yapigwe. Tumekubaliana."

Kaka yangu nilimtukana siku mbili nzima. Thilakam hakula.

Ijumaa tukaenda. Ukumbi ulijaa pomoni, majaji na wake zao mbele. Visalam akasimama jukwaani akatoa mguu, kwa sababu njuga hufungwa na mwalimu kwa mkono wake, mbele za watu, asiyefungwa hachezi. Nikazigusisha machoni pangu kwa heshima, kama ilivyo desturi yetu. Kisha nikampita. Nikaenda nyuma ya pazia, nikamtoa Thilakam, nikapiga magoti nikamfungia yeye.

"Mama, unafanya nini?" Visalam akanong'ona, uso umemsawijika.

"Njuga zimekuja. Matoazi yatapigwa. Miguu ya nani, hukusema, bibie. Kaka, piga!"

Sabapathi akapiga kwa nguvu za mtu aliyetukanwa siku mbili. Mwanangu akaucheza ule ule wimbo wa mapenzi ambao Visalam aliuita mchafu. Watu walisimama kumpigia makofi, na mimi nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake kaka akatusomea gazeti. Bibi Visalam, lilisema, ameifufua ngoma ya kale iliyokwisha kufa; jukwaani alicheza mwanafunzi wake.

"Mwanafunzi wake nani?" akauliza Thilakam. "Mjomba, jina langu halipo?"

Kaka akasoma tena toka juu, polepole, kidole juu ya kila mstari. Halikuwapo. Nikamnyang'anya lile gazeti, nikalichana vipande, nikafungia tambuu za kaka.