Sehemu ya Msimulizi

Jumanne saa nne asubuhi, katika chumba cha ghorofani mkabala na soko la Kibuye, Winny alibonyeza kitufe na kuachilia toleo la tatu la mtindo wa marejeo, ule mtindo wa bure unaoiambia kompyuta jinsi ya kuandika, chini ya ukurasa, nani alisema nini. Alikuwa ameutunza miaka sita. Safari hii aliondoa sehemu moja, ya msimulizi, panapoandikwa jina la mtu aliyehojiwa, kwa sababu ilikuwa ikigongana na programu mpya na waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache mno. Kisha akanywa chai.

Saa saba mama mmoja alipanda ngazi akinuka samaki, akaketi, akatoa kitambulisho. Picha ilikuwepo. Penye jina palikuwa peupe.

"Limetoka saa nne," alisema. "Nilikuwa napimia mteja omena huko Asembo Bay. Amefungua mdomo aniite, amekosa. Hata mimi silijui. Nimeulizia, wamenielekeza kwako."

Winny alikumbuka toleo lake la saa nne. "Mama, ulishahojiwa na mtu anayeandika kitabu?"

"Frankline. Alilala kwangu miezi minane akituuliza mambo ya ziwa, sisi wamama wote kumi na saba wa pale."

Winny alifungua mswada ambao Frankline alikuwa ameuweka mtandaoni. Chini ya kurasa, maneno yote ya akina mama yalikuwa sasa ya Frankline. Akairudisha sehemu ya msimulizi, akaipima, na kabla ya saa kumi akatoa toleo jingine. Sehemu ilirudi ikiwa tupu. Faili la Frankline lilikuwa limejihifadhi upya bila majina, na ni yeye tu angeweza kuyaandika tena.

Akampigia, simu ikiwa kwenye spika.

"Yule mama wa omena?" Frankline aliuliza. "Jina lilikuwa kwa kompyuta. Mimi nilikuwa namwita tu Mama."

"Umekula kwake miezi minane!"

"Kila siku. Mama mzuri sana. Wote tuwaandike 'mkazi'. Kitabu kinaenda kuchapishwa kesho."

Jambo la jina kutoweka, Winny alikuwa amelipokea kama hitilafu nyingine yoyote. Sauti hii, tulivu kama ya mtu anayeagiza soda, ndiyo iliyomfanya akate simu. Alimtazama mama yule. Mama alikuwa akifunga leso.

"Basi ni hivyo," alisema, akashuka.

Kitabu kilitoka Juni. Siku hizi huko Asembo Bay, nesi akiita "Mkazi" kwenye foleni ya dawa, akina mama kumi na saba husimama pamoja.