Dada Asiyesikia

Gari lilipokata kona ya mwisho ya mteremko, ziwa likajitandaza lote chini yao, na ng'ambo ya pili milima ya Kongo ikawa kama moshi uliosahau kupaa. Bertilla hakulitazama. Alimtazama mumewe.

"Si unaona?" alisema Felisian, mkono mmoja kwenye usukani. "Tanganyika hiyo! Wazungu wanapanda ndege kuja kuiona, wewe umezaliwa Ufipa hata kuinusa hujainusa."

"Naiona, Baba Kalisti."

"Mbona uko kimya basi?"

"Nasali. Mteremko mkali."

Kweli vidole vyake vilikuwa kwenye rozari, lakini moyo ulikuwa umekwama mahali pamoja kama gurudumu kwenye matope ya masika. Tangu wafunge ndoa mbele ya padri, Felisian hakuwahi kumpeleka popote isipokuwa kanisani na kliniki. Hata serikali iliporuhusu watu binafsi kununua mahindi, naye akapata hiyo pikapu kuukuu na kuanza kushusha magunia ziwani, kila alipoombwa nafasi alijibu kwamba gari ni la kazi. Kisha juzi, akiwa anakula, akatamka bila kuinua macho: "Jiandae. Twende ziwani tukatembee, mimi na wewe."

Rhoda, jirani yao, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwenzangu, mwanamume akianza kukutembeza ghafla, pekua mifuko yake."

Bertilla alimkemea kwa maneno hayo, akamwomba Mungu msamaha kwa kuyasikiliza, halafu akaipekua mifuko. Haikuwa na kitu.

Kasanga, kando ya ziwa, kulikuwa na joto. Baridi ya kwao ilibaki juu huko, pamoja na sweta alilolivua na kuliacha kwenye kiti cha gari. Walikaa mchangani, mawimbi madogo yakija kuwalamba miguu, na Felisian akanunua samaki, migebuka ya kukaanga. Akamchambulia miba kwa vidole vyake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi. Wema ule ukamkaa Bertilla kooni kuliko mwiba wowote. Lakini upepo ulikuwa mzuri, na maji yaling'aa, akaanza kujilaumu. Huenda mtu hulainika tu akikua. Huenda mwenye dhambi hapa ni yeye, anayeutazama wema kama unga wenye wadudu.

"Tukirudi tutapita kwa wateja wangu," Felisian akasema. "Wametuandalia chakula. Wewe kula tu, usijisumbue na maneno. Ni watu wenye haya."

"Hata salamu?"

"Piga magoti, piga makofi. Inatosha."

Nyumba ilikuwa juu kidogo ya ziwa, katikati ya mihogo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa anafagia uwanja. Felisian alipotia mguu chini tu, yule mama aliuangusha ufagio, akampa mgongo, akajivuta khanga usoni na kuzunguka nyuma ya nyumba kwa haraka. Felisian akatazama mawingu.

Bertilla aliitambua haraka ile. Mama yake mwenyewe, kule Mollo, hufanya hivyohivyo akikutana na Felisian njiani: huiacha njia, hugeuka, hujifunika mpaka apite. Hakuna mwanamke anayemkimbia mfanyabiashara wa mahindi namna ile. Anayekimbiwa hivyo ni mkwe.

"Ana nini yule mama?"

"Macho. Jua linamsumbua."

Binti mmoja akatoka na kusema kwa aibu kwamba baba ameitwa msibani, na kwamba mgeni wa kike aingie ndani. Felisian alishtuka. "Ale hapahapa nje, na mimi!"

"Mama amesema ndani," binti akajibu, macho chini.

Felisian akapiga hatua mbili, akasimama. Humo ndani kulikuwa na mama mkwe. Kizingiti kile hakuwa na namna ya kukivuka. Akabaki ubavuni mwa ghala la mahindi, akizungusha funguo za gari.

Ndani, yule mama alikuwa amejifunua uso. Kabla Bertilla hajafungua kinywa, alionyeshwa mkeka kwa ishara kubwa za mikono, kama mtu anayeitwa kutoka ng'ambo ya mto. "KAA! KAA HAPA!" Kisha mama akamgeukia bintiye na kusema kwa sauti ya kawaida, kwa Kifipa: "Maskini, kweli hasikii. Lakini pua ni ya kaka yake kabisa."

Binti akacheka, akapiga magoti na beseni la maji. "Wifi yangu kavaa vizuri, mama."

"Mshukuru Mungu kaletwa. Baba yako alikataa kutoa binti kwa mtu asiyeonyesha ndugu. Sasa ndugu kaonekana, ndoa itatangazwa. Na wale watoto, Epifania, uwalee vizuri. Yatima hao. Mama yao yuko kaburini."

Maji ya kunawa yalikuwa ya uvuguvugu. Bertilla aliyaacha yapite vidoleni. Angeweza kunyamaza, akala, akapanda gari, na nyumbani mume angekuwa bado mume. Akamtazama msichana: medali ya Bikira Maria shingoni, kucha safi, mikono inayoharakisha kumpendeza. Njia nzima alikuwa amemtafuta adui. Huyu alikuwa mtoto wa watu.

"Mama," akasema kwa Kifipa, taratibu. "Huyo wa kaburini ni mimi."

Beseni likapinduka. Hakuna aliyelishughulikia. Mama yule alisogea, akaushika mkono wa Bertilla juu ya kiwiko, akaubonyeza kama mtu anayepima unga kama umekauka.

"Amekuzika," akasema hatimaye.

"Kumbe," Bertilla akajibu.

Epifania alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mama yake akafuta mkeka, akavuta sahani ya ugali wa ulezi, akaiweka katikati yao watatu.

"Hodi!" sauti ya Felisian ikaita kutoka mbali, ikijifanya kucheka. "Jamani, tutachelewa!"

Binti akamtazama mama yake. Mama akamtazama Bertilla.

"Hodi humo ndani!"

Bertilla akafanya ishara ya msalaba, akamega tonge.