Kabati la Sajini Taban

Mimi Wanyama sijawahi kutundika kabati likaanguka, ila moja, na hilo nililitundika vibaya makusudi. Msinikatize, nitasema yote.

Ulikuwa mwaka wa sabini na saba, Kampala. Wakenya wengi walishakimbilia kwao. Mimi kwa ukaidi wangu nikabaki na kibanda changu cha useremala pale Kalerwe. Jumanne moja asubuhi Sajini Taban akaja kunichukua na gari la jeshi. Alikuwa amepewa nyumba ya Mhindi kule Makindye, na alitaka kabati la jikoni litundikwe siku hiyo hiyo. Unamkatalia vipi mtu kama huyo?

Ukuta alionionyesha haukuwa wa matofali. Mhindi aliyehama alikuwa ameuziba kwa bodi za jasi, ule unga mweupe unaobanwa katikati ya karatasi mbili. Bodi hiyo peke yake haibebi kitu cha maana. Lazima ugonge utafute nguzo za mbao zilizo nyuma yake, ndipo ufunge skrubu. Mafundi wa kubabaisha hawagongi. Mimi nagonga.

Nikapata nguzo moja kushoto. Nikaendelea kulia, nikigonga na kusikiliza, kutupu. Kisha, nyuma ya bodi, mtu akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kilichozibwa kwa kiganja. Nikageuka, nikamwona Acen, mke wa sajini, ameshika sufuria. Mumewe alikuwa sebuleni akisikiliza redio.

"Ni ndugu yangu, Ongom," akaninong'oneza. "Alikuwa askari. Askari wenzake wote wa kabila letu wameshachukuliwa toka kambini, hakuna aliyerudi. Kuna stoo hapo nyuma, anaingilia darini, mume wangu haijui. Ijumaa kuna lori la samaki litampeleka Busia, mpakani. Fundi, nakuomba."

Sajini akaingia. "Fundi, wewe nagonga-gonga nini? Kabati nakaa lini?"

Kazi ya haki ilikuwa moja tu: kuikata bodi, kupachika ubao ndani, kisha kuziba. Ningekata, Ongom angeonekana. Ningekataa, sajini angeleta fundi mwingine, naye angekata. "Sasa hivi, afande," nikasema. Upande wa kushoto nikafunga skrubu ndefu kwenye nguzo, na kulia nikazifunga kwenye bodi tupu. Aibu ilinichoma, maana mikono yangu haikuzoea uongo. Lakini nilipiga hesabu: likiwekewa vitu vyepesi, litafika Ijumaa na kupita. Nilipokuwa nakusanya vifaa nikamwambia Acen, "Vikombe vya plastiki tu, mama. Kizito usiweke." Akaitikia kwa kichwa.

Sajini alilitikisa kabati, likatulia. Akanipiga bega, akaniita fundi wa kweli.

Tangu siku hiyo nilikisikia kile kikohozi kila niliposhika randa. Wiki iliyofuata Acen akaja Kalerwe kwa miguu, peke yake.

Lori halikuja Ijumaa, alisema. Likaahidiwa Jumanne. Jumatatu mchana mumewe alirudi na maofisa wawili na gunia la sukari. Mji mzima ulikuwa unakunywa chai bila sukari siku zile, kwa hiyo alitaka wageni waone. Aliipima kwenye mifuko, akaipanga kabatini kwa mkono wake. Acen alikuwa uani akianua nguo. Alipoingia, mfuko wa mwisho ulikuwa unapanda.

"Ningesema nini, fundi?"

Kabati lilichomoka upande wa kulia, likaipasua bodi toka juu hadi chini. Ongom alikuwa amesimama palepale, mweupe kwa vumbi la jasi kama mtu aliyekwisha kufa. Sajini alimtazama shemeji yake, kisha akawatazama maofisa. Acen hakujua kama mumewe angefanya vingine laiti wangekuwa peke yao. Sajini alimshika Ongom mkono, akampeleka garini mwenyewe.

Nilikaa chini juu ya maranda. Nilingoja anilaani, nilikuwa tayari kabisa. Yeye akapiga magoti mbele yangu, kama wanawake wa kwao wanavyowaheshimu wakubwa.

"Ahsante," akasema. "Ulimpa siku sita. Fundi mwingine asingempa hata saa moja."

Akainuka, akaenda zake. Mimi sasa ni mzee, nimerudi Bungoma, na bado namwona amepiga magoti. Laiti angenitukana.