Walimpanda Gamba

Hakuna kitu kilichomchemsha damu mchomeleaji yule kama msomi kuvua kofia.

"Mtu ni daktari wa sayansi," alisema, shingo ikiwa imezungushiwa kitambaa cha kinyozi. "Amesafiri miaka miwili angani. Anafika sayari asiyoijua, jambo la kwanza anavua kofia, anavuta hewa kama yuko bustanini! Halafu anakuta mdudu anamtolea meno, anamwita njoo, njoo, kama paka. Mimi niliyeishia darasa la tano sichomelei geti bila miwani!"

"Shemeji, tulia, nitakukata sikio," kinyozi, kaka wa mkewe, alimwambia. "Filamu ni nzuri. Wewe unataka watu wa kwenye filamu wawe na akili. Wakiwa na akili, itaisha dakika ya tano."

Ubishi wao ulianzia kwenye "Shehena ya Tisa", habari ya chombo cha angani kilichookota mzigo usio wake, na ndani ya mzigo alikuwemo Gamba, mnyama mwenye nyembe mgongoni. Filamu hiyo waliiona wakiwa vijana, kwa kanda iliyotiwa sauti ya mfasiri aliyesimulia kila neno kwa Kiswahili. Waliikariri yote. Kumbe wenye filamu hawakuridhika. Miaka mingi baadaye walianza kutoa nyingine za kueleza Gamba alitoka wapi, na mtaani watu wakaziita "za chanzo". Ya kwanza, hiyo ya msomi kuvua kofia, ilimtia mchomeleaji hasira isiyopoa. Ya pili ilikuwa ioneshwe siku hiyo saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa video, mlango wa pili kutoka hapo, na mwenye ukumbi alikuwa amemwomba asimame mbele awaeleze watu habari za Gamba kabla haijaanza.

Nani mwingine angeombwa? Nyumbani alikuwa Baba. Kazini alikuwa "wee fundi". Lakini ikija habari ya Gamba, mtaa mzima ulimwita Profesa, na jina hilo alilichunga kuliko mtungi wake wa gesi.

"Na kosa kubwa kuliko yote," alisema, "ni tandiko."

"Haya, tandiko limefika," kinyozi aliguna.

"Limefika, ndiyo! Nahodha wa 'Shehena ya Tisa' anakata roho, ananyoosha kidole kwenye mchoro ukutani, anasema nini? 'Wale wa kale walimpanda.' Walimpanda! Mgongo wote ule wa nyembe, nani ataukalia bila tandiko? Sasa hii ya kwanza ya chanzo inatuonesha hao hao wa kale, na hakuna hata mmoja juu ya mgongo wa Gamba. Tandiko hakuna, hatamu hakuna. Wanazunguka tu kwenye matuta na ndoo za maji. Watu wameharibu hadithi yao wenyewe!"

Binti yake alikuwa amekaa kwenye benchi, shati la baba yake lililopigwa pasi likiwa mapajani. Alifanya kazi maabara ya hospitali, na wiki ile alijitolea kuiangalia ile ya kwanza ya chanzo ili naye apate la kusema.

"Baba, watu wenye matuta na ndoo za maji wanafanya nini?"

"Ndicho ninachouliza mimi!"

"Walimpanda, Baba. Kama mahindi."

Mashine ya kunyolea iliendelea kunguruma hewani. Kinyozi alikuwa ameiondoa kichwani mwa shemejiye ili acheke vizuri.

"Mahindi! Jamani, mahindi!"

"Nyamaza wewe. Mtoto huyu alikuwa hajazaliwa kanda ile ilipotoka."

"Basi tumuulize mwenyewe," kinyozi alisema, akachukua simu. Mfasiri wa ile kanda siku hizi aliuza matairi, na alinyolewa hapo hapo. Kinyozi aliweka sauti ya nje ili wote wasikie. "Kaka, swali moja. Kwenye 'Shehena ya Tisa' ulisema walimpanda. Kama punda au kama mahindi?"

"Nani anauliza?"

"Profesa."

Simu ilicheka. "Mwambie kama mahindi. Nani ampande mnyama yule? Akitaka kushuka atashuka na nini, wakati makalio ameyaacha juu?"

Mchomeleaji alijitazama kwenye kioo, nusu ya kichwa ikiwa imenyolewa. Miaka ishirini na miwili alikuwa amelihubiri tandiko.

"Baba, si lazima uliseme," binti alimwambia kwa upole. "Eleza hadithi, tandiko liruke."

"Mimi nitafunga mdomo," kinyozi alisema, akifuta machozi.

"Wewe? Mdomo wako hata ukichomelewa haufungiki." Alivaa shati bila kungoja upande wa pili unyolewe vizuri. Angeweza kunyamaza, alijua. Lakini ingekuwa kama kupaka rangi mchomeleo uliopasuka: geti linasimama, na wewe kila ukipita unageuza uso.

Ukumbi ulijaa. Alisimama mbele, akasema moja kwa moja. "Habari ya tandiko niliwafundisha vibaya. Hawakumpanda kama punda. Walimpanda kama mbegu. Nimekosea, basi."

Kisha fundi baiskeli wa safu ya pili akanyoosha mkono. "Profesa, acha utani."

"Sitanii."

"Mimi nimeshona Gamba mwenye tandiko kwenye mapazia!" mshonaji alipaza sauti. "Na aliyenichorea ni wewe!"

"Ndiyo, na nilichora upuuzi! Nimemuuliza mfasiri mwenyewe!"

"Mfasiri anajua nini? Anauza matairi."

"Profesa wa kweli hakosei," mwingine alisema kutoka nyuma. "Huyu ni mchomeleaji tu."

Watu walicheka. Neno lile lilimwingia kama cheche ndani ya kiatu, lakini hakushuka. "Sawa. Mchomeleaji ndiye anayewaambia. Mbegu!"

"Tandiko!" ukumbi ukaitikia.

"M-be-gu! Yaani nyinyi watu, hata..."

Mwenye ukumbi alizima taa. Mchomeleaji alipapasa hadi kitini, binti akamsogezea nafasi na kumshika kiwiko.

Dakika ya kumi hivi, kwenye skrini, mmoja wa wale wa kale aliinama juu ya tuta. Akatoboa udongo kwa kidole, akatumbukiza kitu, akafukia, akamwagia maji. Mchomeleaji alikunja mikono kifuani, akangoja.

Fundi baiskeli aliinamia sikio la jirani yake. "Umeona?" alinong'ona. "Anafukia tandiko."