Kanzu ya Zakaria

Kosa lilikuwa la kanzu. Zakaria aliposhuka kwenye basi pale Mtoni na sanduku lake la bati, alikuwa amevaa kanzu nyeupe na koti juu yake, kama mwanamume yeyote wa Buganda anayetaka kuonekana nadhifu. Bi Tunu, mwenyeji wake, akaiona kanzu, akasikia jina, akamshukuru Mungu kwa sauti: ameletewa Mwislamu mwenzake! Wala hakuuliza zaidi. Kijana naye, hoi kwa safari ya meli ya ziwani na garimoshi, hakujua kama kuna jambo la kueleza.

Mwaka ule wa 1953 shule mbili za wapimaji ardhi, moja ya Dar es Salaam na moja ya Kampala, zilibadilishana mwanafunzi mmoja mmoja. Nassibu, mwana wa pekee wa Bi Tunu, alikwenda kukaa kwa mama yake Zakaria. Zakaria akaja kulalia kitanda cha Nassibu. Yote ambayo mgeni hajui pa kuyapata, Bi Tunu alimpatia. Alimshonea chandarua. Alimpeleka kwa kinyozi asiyekata watu masikio, akamwombea baiskeli kwa jirani, Mzee Mwinjuma, akamwonyesha duka linalopokea barua, akamfundisha kula samaki wa miiba bila kukabwa. Nguo alimfulia mwenyewe na kuzipiga pasi ya mkaa, na kila Ijumaa kanzu ilifukizwa udi.

Hiyo Ijumaa ndiyo iliyomtesa Zakaria, kwani alikuwa Mkristo, tena mtoto wa mwalimu wa kanisa. Alipokuja kutambua Bi Tunu anamdhania nini, alikwisha kula wali wake wiki nzima, na haya ikamfunga mdomo. Basi Ijumaa aliandamana na Mzee Mwinjuma mpaka njia panda, kisha akakumbuka ghafla kazi ya shule. Jumapili alivaa shati na kaptura, akaaga kwamba anakwenda kumtazama rafiki. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yake ilifika mwisho siku Bi Tunu alipomwambia, "Jumamosi tunasoma maulidi ya kumwombea Nassibu. Nishawaambia watu wote, mlango mmoja wa kitabu utasoma wewe."

Chai ilimpalia. Hakujua hata alifu. Jumamosi Mtoni nzima ingejua, na mama wa watu angeaibika mbele ya wageni wake. Naye angeipoteza nyumba aliyokwisha kuipenda.

Alhamisi ikaja barua ya Nassibu. Bi Tunu alisoma Kurani vizuri, ila herufi za Kizungu hakuzijua, kwa hiyo msomaji wa barua alikuwa Zakaria. Mama akakaa mkekani na ungo, anachagua mchele wa maulidi, na kijana akasoma.

"Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mie mzima. Mama Zakaria ananitunza kama mboni ya jicho, hata mwavuli wa marehemu mumewe amenipa, maana mvua ya huku haina adabu. Ila nina jambo..."

Macho ya Zakaria yalikuwa yametangulia mbele. Angeweza kuiruka mistari ile, na nani angejua? Lakini mtu aliyekukabidhi maneno ya mwanawe huwezi kumwibia. Akaendelea.

"Huku kanzu anavaa kila mtu. Mama huyu aliponiona nayo akanidhania mwenzao. Sasa Jumapili ya nane nakaa naye kanisani, mstari wa mbele. Wakisimama, nasimama. Namwonea haya kumwambia, kwa jinsi anavyonipenda. Nifanyeje, mama?"

Ungo ukatua chini, mchele ukamwagika.

"Kanisani! Mwanangu mie! Mwanamke gani huyo? Mtoto wa mwenzio anakuja kwako, humwulizi hata dini yake?"

Zakaria akaikunja barua.

"Mama," alisema, "hata wewe hukuniuliza."

Bi Tunu akamtazama. Kuku wakaanza kudonoa mchele, hakuna aliyewafukuza.

"Yule rafiki wa Jumapili?"

"Ni kanisa, mama."

"Na kazi za Ijumaa?"

"Hazikuwapo. Nisamehe. Nitafunga sanduku langu."

"Ufunge uende wapi? Kaa hapo!" Mara kicheko kikamshika, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Kumbe mie na huyo mama yako sote tumelea kanzu! Chukua kalamu, andika."

Zakaria akaandika kila neno.

"Mwenzangu, salamu sana. Tumekosa sote wawili. Mwanangu ni Mwislamu. Ijumaa mwachie nafasi aende kuswali, na nyama mwulize kwanza. Wako nimemchosha kwa udi, naye hakusema. Kuanzia sasa kila Jumapili nitamwamsha mwenyewe asichelewe kanisani. Chandarua chake kimetoboka, leo nakishona. Nawe kitazame cha wangu."

Jumamosi baraza ilijaa watu. Mzee Mwinjuma akaita, "Haya, yuko wapi msomaji wetu wa Uganda?"

"Hasomi," Bi Tunu akajibu, na sauti yake ilifika hadi barabarani. "Huyu Mkristo. Ni mwanangu, atagawa kahawa. Mwenye neno aje aniambie mie."

Mzee Mwinjuma akanyoosha kikombe chake. Zakaria aligawa kahawa.

Kesho yake asubuhi aliikuta kanzu imetundikwa mlangoni, imenyooka kwa pasi. Alipoingia kanisani, mabenchi matatu yaligeuka kunusa. Bi Tunu alikuwa ameifukiza udi.