Kitambulisho cha Bi Odessa

Jumapili ile Bi Odessa Pettway alitoka kanisani na kofia yake ya zambarau, akapitiliza hadi kwenye ukumbi wa mwanawe, Lucius. Ilikuwa kama jiji zima la Oakland limepanga foleni. Kwa mara ya kwanza Lucius alikuwa ameruhusiwa kupigisha muziki mahali watu wanapovuta bangi kihalali, na kibali chenyewe kilikuwa cha majaribio. Kosa moja tu, kinachukuliwa.

Lucius alisimama mlangoni mwenyewe, suti imemkaa.

"Kitambulisho, mama."

"Nini?"

"Kitambulisho. Lazima nione umetimiza miaka ishirini na mmoja."

Foleni ikaangua kicheko. "Lucius, huyo ndiye aliyekuogesha!"

"Mwangalie magoti, utajua umri wake!"

Bi Odessa akapekua mkoba. Biblia, leso, pipi za mnanaa. Basi. Akakumbuka: kadi ya kitambulisho ilikuwa inaning'inia kwenye msumari nyumbani kwake, karibu na mlango. Kila Ijumaa dereva wa duka la bangi humletea mafuta ya bangi ya kupaka vidole vilivyokakamaa, na ingawa humwita shangazi, hamkabidhi mpaka aione. Ndiyo maana aliitundika pale, asihangaike kuitafuta.

Mkaguzi wa jiji, Bwana Delacruz, alikuwa amesimama kando. "Mpitishe tu, Bwana Pettway. Mimi nimegeuka, sijaona kitu."

"Nashukuru. Lakini leo ukimfumbia macho mama yangu, kesho nitakuomba umfumbie macho mpwa wangu wa miaka kumi na tisa."

Bi Odessa akaufunga mkoba kwa nguvu. "Miaka sita nilikuja kukuona gerezani, kwa bangi hii hii! Pale langoni sikusahau kadi hata mara moja. Leo unanirudisha mimi?"

Lucius hakusogea mlangoni. "Ndiyo maana, mama. Sitaki uende kule tena."

Bi Odessa akamtazama. Walinzi wa magereza aliwajua vizuri: huyu akipitisha rafiki zake, yule akimzuia mtu kwa kujisikia tu. Huyu wa leo jasho lilimtiririka shingoni, na bado alimpima mama yake kwa kipimo kile kile cha wageni.

"Charlene," akamwambia jirani aliyekuja naye, "washa gari."

Waliporudi, saksafoni ilikuwa imeshaanza ndani. Lucius akaipokea kadi kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga, akasoma tarehe.

"Angalia vizuri," alisema Bi Odessa. "Isije ikawa ya kughushi. Nasikia wasichana siku hizi wanadanganya umri."

"Pita, mama," Lucius akasema, akimrudishia kadi.

Bwana Delacruz ndiye aliyemfungulia mlango.

Ndani, mwanamke mmoja asiyemjua akampisha kiti. "Pole, mama. Yule wa mlangoni mkali kweli, hana hata huruma."

"Mkali," Bi Odessa alikubali, akiiweka sawa kofia yake. "Nimemzaa mimi."